Picha Yangu, Sauti ya Mama Zaina

Mwaka jana nilialikwa harusini Kinyinya, kwa mjukuu wa jirani yangu wa zamani. Nikaketi upande wa wazee, karibu na masufuria ya pilau, nikijua nitakula, nitapiga vigelegele viwili vitatu vya heshima, kisha nirudi kwangu nikapumzishe magoti. Ndipo yule kijana wa muziki, na kompyuta yake na vipaza sauti virefu kuliko bwana harusi, akapiga wimbo ambao nilikuwa sijausikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Chini alikuwa ameutia midundo ya siku hizi, lakini sauti ilikuwa ile ile, nyembamba, ya haraka, ya kibinti. Vijana wakajaa uwanjani. Mjukuu mwingine akanijia mbio na simu yake, na kwenye kioo nikaiona karatasi ya kaseti: msichana wa miaka kumi na tisa, shingo upande, hereni kubwa za kuazima, na chini yake jina, Madimazeli Zulfa. "Bibi! Huyu si wewe? Kumbe ulikuwa msanii ukatuficha!" Watu wakageuka, mshereheshaji akanitangaza, wakataka nisimame. Nikasema miguu inaniuma. Uongo, haikuwa miguu. Sauti ile si yangu, na mimi sijawahi kuimba wimbo mpaka mwisho, hata nikiwa peke yangu naosha vyombo. Mwenye sauti hakuwa binti, na sauti yake haikuwa nyembamba. Nilikula pilau langu kwa aibu nikaondoka kabla ya keki.

Nimeona niandike, maana waliojua ukweli tulikuwa wanne tu na nimebaki mimi. Mwaka wenyewe ni wa tisini na moja. Nilikuwa nafanya kazi Gitega, kwenye duka la kaseti la Kasimu. Duka! Chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza sabuni, mashine nne za kunakilia zimepangwa ukutani, rafu za mbao mpaka juu, na benchi la wateja linaloyumba ukikaa upande mmoja. Mteja alileta kaseti yake tupu, au ile aliyochoka nayo, akataja nyimbo, nasi tukamnakilia. Kaseti iliyovunjwa vile vidude vya nyuma ili isifutwe, tuliiziba matundu kwa kikaratasi kilichotafunwa, na yaliyokuwamo yakafutika, iwe mahubiri, iwe sauti ya marehemu fulani. Hatukuuliza. Leo kijana anaimba asubuhi chumbani kwake na mchana dunia nzima inamsikia; kompyuta inamnyoosha alipopinda, inampandisha alipochoka. Watu wanadhani udanganyifu huo umeanza jana. Sisi tulidanganya kwa betri, kwa mkasi na kwa picha ya studio, tena bila kujua nusu ya tulichokuwa tunafanya. Lakini nusu nyingine tuliijua, na mimi niliijua kuliko wote.

Mama Zaina alikaa Biryogo, chumba cha uani, na tulimwita mama kwa heshima kwa sababu hakujaaliwa mtoto. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene, mcheshi, na sauti yake ilikuwa nzito mpaka mlangoni ungedhani ni mwanamume anayekukaribisha. Aliimba harusini, nyuma ya pazia upande wa wanawake, na watu walimpenda hivyo hivyo na uzito wa sauti yake. Mumewe, Haruna, alikuwa mshonaji. Oktoba ya mwaka uliotangulia, vita vilipoanza kaskazini, watu wengi mjini walikamatwa, naye akachukuliwa kwenye cherehani yake, sindano ikiwa bado katika kitambaa cha watu. Tangu siku hiyo Mama Zaina alizunguka mageti ya magereza na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa. Huku anaambiwa hayupo, kule anaambiwa orodha haijafika, kwingine anafukuzwa. Waliachiliwa baadhi, Haruna hakuonekana. Akawa anarudi na bakuli lake, anatuita watoto wa jirani tule, na yeye anatutazama tunavyokula maharagwe ya Haruna. Niliyala. Nilikuwa na njaa ya ujana, sikujua natafuna nini.

Basi siku moja akiwa dukani kwetu akamwona askari magereza anachagua kaseti. Alimtazama mpaka yule bwana alipotoka, kisha akaniuliza, "Zulfa, hawa wanakwenda nazo kule ndani?" Nikamwambia wengine wanazo redio zao, wanapiga wakiwa zamu. Kesho yake akamjia Kasimu na kumwambia anataka kurekodi. Alikuwa na wimbo mmoja ambao hakuwahi kuuimba harusini wala popote, alimwimbia Haruna tu humo chumbani, enzi ambazo mume alichelewa kurudi kwa sababu ya nguo za sikukuu. *Ukija usibishe hodi, mlango nimeuegemeza. Ukija usiulize nani, mwenyeji ni mimi.* Hayo ndiyo maneno yake, na Haruna peke yake ndiye aliyeyajua. "Mimi sipiti geti," aliniambia tukiwa tumekaa kizingitini kwake, anapembua mchele. "Lakini kaseti inapita. Sijui yuko jela gani, basi iende zote. Akisikia tu sauti yangu atajua nipo, namngoja. Mtu akijua anangojwa hafi ovyo, Zulfa." Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakutaka umaarufu, hakutaka kupigwa picha. Alitaka mwanamume mmoja amsikie.

Tulirekodi Januari, chumbani kwake, mchana. Kasimu alitupa redio-kaseti yake kubwa, na kwa kuwa umeme ulikuwa unakatika kila mara, alinikabidhi na mawe sita mapya, mawe ndivyo tulivyoziita betri. Na hapa ndipo ninapotaka kujipiga makofi hata leo. Mimi nilikuwa na redio yangu ndogo iliyokaa kimya tangu Idi kwa kukosa mawe. Njiani nikatoa mapya mawili, nikayatia mfukoni, na mahali pake nikaweka yangu mawili ya zamani, yale tuliyokuwa tunayaanika juani juu ya bati na kuyabonyeza kwa meno ili yapate uhai. Nikajiambia, manne mazima yatayabeba mawili mabovu. Nani angejua? Umeme ukakatika kweli, tukawasha kwa mawe. Gitaa lilipigwa na Songa, Mkongomani wa Bukavu, kijana mpole aliyekunywa chai ya tangawizi birika zima peke yake. Tulitandika mkeka ukutani ili sauti isigonge, tukawafukuza kuku, jirani akaombwa aache kutwanga. Mama Zaina aliimba nyimbo tatu za harusi kwanza, kupasha koo, na ule wa Haruna akauweka wa mwisho. Kabla ya kuuimba akatoa salamu, kama waimbaji wote walivyofanya katika kaseti zao: "Haruna mume wangu, popote ulipo, ni mimi Zaina. Niko mzima. Nakungoja." Songa aliinamisha kichwa juu ya gitaa. Tulipomaliza tukairudisha nyuma tukasikiliza kwenye mashine ile ile, na sauti ikatoka nzuri, nzito, yenyewe kabisa. Akalia kidogo, akapakua sombe, yaani kisamvu, na wali, tukala kwa furaha. Songa alisema, "Mama, ile ya mwisho iko nguvu sana. Bwana akisikia atavunja mulango." Tulicheka, Mungu atusamehe.

Kumbe mashine ilikuwa imechoka, na kila wimbo ulivyoingia ndivyo mota ilivyozidi kwenda polepole. Ukiisikiliza kwa mawe yale yale yaliyochoka, hutagundua kitu. Ukiichomeka kaseti ile kwenye umeme, mashine inakimbia mwendo wake wa kawaida, na sauti iliyorekodiwa kwa kujikokota inatoka mbio, juu, nyembamba. Wimbo wa kwanza haukubadilika sana. Ule wa nne, wa Haruna, ulitoka dukani kama unaimbwa na msichana wa shule. Nilisikia nikajua papo hapo ni mawe yangu. Lakini Kasimu aliruka kutoka kitini. "Ayi wee! Nani huyu?" Nikamwambia ni Mama Zaina. "Zaina gani? Huyu mtoto! Sikiza hiyo kitu!" Akaupiga mara tatu, kinyozi akaja mlangoni na mkasi wake, wateja wawili wakasimama, na kila aliyeingia aliuliza binti huyo ni nani. Kasimu alikuwa mfanyabiashara mpaka kwenye mifupa. Aliniambia, bila kunung'unika wala kunipamba, kwamba watu hawanunui kaseti ya mama mtu mzima. Wananunua wanachokiona juu ya karatasi, halafu masikio yanafuata macho. "Na wewe," akasema, akinitazama kuanzia kilemba mpaka ndala, "una uso."

Ningesema hapo hapo. Ningesema, bosi, ni mawe, niliiba mawe. Badala yake niliuliza nivae nini. Nilipelekwa studio mjini, nikaazimwa hereni, nikaambiwa niinamishe shingo, na mpiga picha akasema "usicheke, tazama kama umeachwa." Jioni nilijitazama kwenye ile picha mpaka macho yakaniuma. Msichana wa Gitega aliyekuwa hajawahi kutazamwa na mtu! Nilipenda, nisidanganye. Nilipenda mno. Na wakati Kasimu anatengeneza kaseti mama, ile ambayo nyingine zote zingenakiliwa kutoka kwake, alifika kwenye salamu ya Haruna akasimama. Alifunga mlango kwanza. "Hii hapana. Mtu amefungwa kwa mambo ya vita, mimi nimsalimie kwa kaseti? Watatufunga wote hapa." Kwa kweli hofu yake haikuwa ya bure, mji ulikuwa na masikio siku zile. Akanipa kazi ya kubonyeza kile kitufe cha kusimamisha pindi salamu inapoanza na kuachia gitaa linapoanza. Nilifanya vizuri. Hakuna aliyeweza kusikia kwamba kuna kitu kilitolewa.

Mama Zaina alipoletewa nakala yake hakuwa na umeme, akaja kusikilizia dukani. Alikaa kwenye benchi, mikono magotini. Wimbo wa kwanza alitabasamu akasema, "Mbona nina haraka hivi?" Wa pili akatega sikio. Wa nne ulipokwisha aliniuliza mimi, si Kasimu, "Mwanangu, huyu ni nani?" Kisha akaona karatasi. Hakukasirika kama nilivyotarajia, afadhali angekasirika. Alianza kumwomba Kasimu, mtu mzima vile, anamshika mkono: "Baba, wimbo huo mmoja tu. Hizo tatu chukua, weka picha ya yeyote, sema zimeimbwa na paka. Huo mmoja niache niimbe upya. Haruna hatanijua hivyo." Kasimu akamwambia amwite Songa basi, warudie. Lakini Songa alikuwa ameondoka siku mbili kabla. Alikuja kutuaga dukani, gitaa mgongoni, akasema, "Mimi narudia kwetu. Hapa barabarani bariyeri kila pahali, askari wananizuia, wananiuliza karatasi mpaka nachoka." Mama Zaina akasema ataimba bila gitaa, hata kwa kupiga sinia. Kasimu akatikisa kichwa. "Mama, kaseti imeshatoka. Iko Kanombe, iko Nyamirambo, imeshapanda gari za Butare. Watu wanataka hii. Nikileta nyingine watasema ni ya uongo." Na hilo ndilo neno lililonitia baridi, kwa sababu lilikuwa kweli. Maji yalikuwa yamemwagika.

Nataka nieleze lilivyoenda, maana vijana wanadhani kutangaza muziki ni mambo ya simu. Kasimu alimpa kila kinyozi nakala ya bure na sharti moja, aipige mlango ukiwa wazi. Aliwapa madereva wa mabasi. Karatasi za picha yangu zilibandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo vya soko. Maduka mengine yakanakili nakala zetu, na nakala za nakala, kila moja ina mchakacho zaidi ya iliyoizaa, na Kasimu akilalamika wezi, wezi, kana kwamba sisi tulikuwa nani. Ndani ya miezi miwili nilikuwa sipiti njia ya Biryogo bila kuimbiwa *ukija usibishe hodi*. Nikaanza kupita njia ya nyuma. Kwa Mama Zaina niliendelea kwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kukiri. Alinipa chakula kama zamani. Mara moja, akiwa anageuza chapati, nilimsikia akimwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Mtoto hana kosa, wamemtumia tu." Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake.

Mwezi wa Juni tuliitwa harusi ya mfanyakazi wa uwanja wa ndege, Kanombe. Harusi zote zilikuwa za mchana mwaka ule, kwa sababu ya amri ya kutotoka usiku. Walitaka Madimazeli Zulfa awaimbie. Kasimu akasema hakuna shida, tutafanya pleibeki: kaseti inapiga, wewe unashika kipaza sauti kilichozimwa, unafungua na kufunga mdomo. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kinyozi wiki nzima. Siku yenyewe nikavaa gauni la kukodi, kaseti ikaanza, nami nikafungua mdomo, na watu wakapiga makofi, wanawake wakanirushia vitenge. Katikati ya wimbo wa Haruna nikamwona Mama Zaina. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Biryogo, vumbi mpaka magotini. Alisubiri wimbo uishe, akaja mbele, akamwomba mshereheshaji kipaza sauti kinachofanya kazi, akasema kwa heshima, "Samahanini ndugu zangu. Huo wimbo ni wangu. Naomba niwaimbie ulivyo, kama kuna mtu hapa anafanya kazi magereza anisikie, apeleke habari." Akaimba. Alifika mstari wa pili. Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema kwa Kinyarwanda huyu mama amelewa, na bibi harusi akakunja uso. Shangazi mmoja akaja akamshika bega kwa upole: "Dada, muache mtoto afanye kazi yake. Kila mtu na zamu yake." Mama Zaina alinitazama. Aliningoja niseme. Neno moja lingetosha, ni kweli, ni wake, na nilikuwa na kipaza sauti mkononi, ingawa kimezimwa. Nilitazama chini kwenye viatu vya kuazima. Wakamsindikiza nje na sahani ya wali imefunikwa, kama anavyopewa maskini.

Tangu siku hiyo nilikosa usingizi na nikakosa hamu ya kula. Dawa niliijua, hilo ndilo lililonitafuna. Kaseti ile ya kwanza, tuliyorekodia chumbani, ilikuwa bado ipo kwenye droo ya Kasimu, na salamu yote imo, maana salamu ilitolewa kwenye nakala tu. Ningechukua mawe yaliyochoka vile vile, nikayatia kwenye redio ile ile, nikaiacha iimbe kwa kujikokota, na mashine nyingine ya umeme ikanasa. Sauti ingerudi nzito kama siku ile chumbani. Kazi ya mchana mmoja! Niliijua tangu Februari. Nikasubiri Machi, nikasubiri Juni, kiangazi chote kikapita, vumbi jekundu likatanda juu ya picha yangu mlangoni nami nalipangusa kila asubuhi kwa kitambaa. Kila siku nilikuwa na sababu mpya, na sababu ya kweli ilikuwa moja: nikimrudishia sauti yake, uso wangu utabaki unaimba nini? Siku hizi nikisoma habari za wasanii waliodhulumiwa, watu wanalaumu mashine na mabosi. Mashine haina roho, na Kasimu alikuwa Kasimu. Mimi ndiye niliyekula maharagwe ya mwanamke yule.

Oktoba, mwaka mmoja kamili tangu Haruna achukuliwe, nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda kwake asubuhi kabla ya kufungua duka, nikapiga magoti mlangoni nikamwambia yote, mawe, kitufe, viatu vya kuazima, dawa niliyoificha. Nilikuwa nalia mpaka siwezi kupumua. Alinisikiliza akiwa amesimama na ufagio. Nilitaka anipige nao. Akasema, "Inatengenezeka?" Nikasema inatengenezeka. "Basi nyamaza kulia. Unalia nini na kazi ipo? Inuka twende." Akajitupia mtandio akatangulia, na mwendo ule wa haraka sijauona kwake tena.

Kasimu alikuwa amekwenda mjini. Nilitoa kaseti ya kwanza, nikatafuta mawe mabovu kwa vinyozi na majirani, nikajaribu haya, nikabadilisha yale, wimbo unatoka juu mno, mara chini mno, Mama Zaina kwenye benchi anaelekeza, "Bado. Bado, huyo bado msichana. Hapo umenizeesha." Tulicheka, wallahi tulicheka. Mara ikakaa. "Haruna mume wangu, popote ulipo, ni mimi Zaina." Alishika kifua. Sauti yake yenyewe ilijaa chumba kile, na mimi nikabonyeza mashine ya pili inase. Alikuwa ameshapanga: mke wa askari magereza mmoja alikuwa mteja wake wa vitumbua, ataichukua, itaingia. Ndipo mlango ukawa na giza, mzee akasimama pale. Amekonda, koti limemzidi, kofia mkononi. Nikazuia mashine haraka, kwa hofu ile ile ya Kasimu.

Alitazama picha mlangoni, akanitazama mimi. "Wewe iko ule mutoto wa kaseti?" Nikaitika. Akavuka kizingiti akanishika mikono yote miwili. "Pore sana, mwana wangu. Pore na mama yako." Nikamuuliza mama yangu amefanya nini. "Ule aliyekuwa naimba wimbo zamani, mbele yako. Bwana yake alituambia. Haruna, ule wa kushona." Nilihisi Mama Zaina ameacha kupumua nyuma yangu. Mzee akaendelea, polepole, anatafuta maneno ya Kiswahili. Alikuwa amefungwa na Haruna, ametoka wiki ile. Askari mmoja alipiga kaseti yangu saa ya chakula. Siku ya kwanza Haruna aliposikia alisimama, sahani ikamwanguka. "Akasema, hii wimbo ni ya bibi yangu, iko yetu mbili tu, hakuna mutu anajua. Zaina hawezi kutoa kwa mutoto kama iko hai. Basi amekufa, na ule mutoto amerithi. Sisi tulimwambia hapana, ngoja. Akakataa. Alilia siku tatu, akasoma dua yenu ya Kiislamu, sisi Wakristo tukakaa naye. Mbele ya hapo alikuwa nasema kila siku, nitatoka, mimi nangojewa. Nyuma ya ile kaseti akaacha kusema. Ugonjwa wa tumbo ulipokuja, hakushindana nao." Alifuta uso kwa kofia. "Alinituma. Ukitoka, tafuta ule binti, umwambie asante, ametunza wimbo wa Zaina."

Nilifungua mdomo, na kwa mara nyingine hakuna kitu kilichotoka. Mama Zaina ndiye aliyesema, kutoka kwenye benchi. "Alikufa lini, baba?" Mzee akageuka. Mwezi wa nne, akasema, wakati wa mvua kubwa. "Na hiyo sauti ya mkewe, alisema ilikuwaje?" Mzee akafikiri. "Nzito. Alisema ya mutoto iko nzuri, lakini ya bibi yake ilikuwa nzito." Akamtazama vizuri. "Na wewe mama iko ndugu yao?" Nilimwona Mama Zaina anamkagua mzee yule, koti lake, viatu vyake vilivyopasuka, mwendo mrefu aliotembea kutimiza wasia. "Ndiyo," akasema, "ni ndugu. Mungu akulipe, baba. Umefikisha." Akamtoa mpaka nje, akamwonyesha njia ya kituo cha mabasi.

Aliporudi alikaa akahesabu kwa vidole, mwezi wa nne, wa tano, mpaka tuliomo. Mjane kwetu Waislamu hukaa eda, hatoki ovyo wala hajipambi, miezi minne na siku kumi tangu mume kufa, ajue asijue. "Imekwisha," akasema. "Eda yangu imekwisha na mimi nazunguka na bakuli. Nilikuwa Kanombe harusini, Zulfa, na nguo za maua." Kisha, bila kupandisha sauti, "Mwenzangu amenililia siku tatu. Mimi wa kumlilia yeye siku zangu zimekwenda wapi?" Leo naye hayupo, mauaji ya tisini na nne hayakumwacha. Siku ile nilifanya jambo pekee nililolijua. Niliachia mashine iendelee, nikidhani sauti yake itamfariji, nikidhani tumalize angalau tulichoanza. Gitaa la Songa likaanza, naye Zaina wa kwenye kaseti akaingia, mzito, mpole, *ukija usibishe hodi*.

"Zima, mwanangu," akasema. "Aliyekuwa asikie hayupo."

Nikazima.